Masika ya Springi za Bluu

Jumatatu, 3 Machi

Joto limezidi. Vumbi la mtaa wetu wa Sokon I limeingia kwenye rangi mbichi leo, nikalazimika kusugua upya springi ambazo asubuhi zilikuwa zinang'aa vizuri tu. Nimetukana upepo kwa sauti mpaka mama wa genge la jirani akachungulia kuona nagombana na nani. Hakuna kazi inayotaka subira kama kupaka rangi, na Mungu aliponiumba alinigawia kila kitu isipokuwa subira.

Kazi yetu ni hivi. Waendesha bodaboda wanatuletea shokapu za nyuma, kaka yangu Abdiel anazifungua na kutoa springi. Mimi nazisugua kutu kwa brashi ya waya na msasa, nazipulizia praima, halafu rangi. Zinakauka ndani ya pipa ambalo chini yake kuna jiko la mkaa, kisha kaka anazifunga tena. Ni kazi ndogo, lakini kijana wa bodaboda akiona springi zake zinang'aa anajisikia kama amenunua pikipiki nyingine.

Kaka amenunua daftari hili dukani akasema niandike humu hasira zangu, nisizimalizie kwa wateja. Haya, nimeanza.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna jipya. Mawingu yamekuja mpaka juu ya Mlima Meru, yakakaa, yakaondoka.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata bluu! Nimechanganya bluu ya kawaida na nyeusi kidogo na fedha kidogo, nikapuliza, nikaiacha pipani, na ilipotoka nikabaki naitazama tu. Ni bluu ya Meru asubuhi siku ambayo haina wingu. Kaka Abdiel hana tabia ya kusifia, lakini aliizungusha springi mkononi akasema, "Hii watu watagombania."

Wa kwanza kuichukua ni Hans, mtoto wa Mama Paskalina wa mtaa wa pili. Nimemjua tangu akiwa anavaa kaptula ya shule. Amezunguka pikipiki yake mara nyingi, akachuchumaa nyuma, akapiga picha. "Sista Brightness, hii ni noma," akasema. Nikajifanya sijasikia ili aseme tena.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Imeanza wakati wa mahubiri, mabati ya kanisa yakalia hivi kwamba mchungaji akanyamaza akasubiri. Wote tulikuwa tunatabasamu. Mahindi ya watu yalikuwa yanangoja.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua nzuri kwa mahindi si nzuri kwa msasa. Kila kitu kinashika kutu, rangi haikauki, na vijana wanazidi kuja, wote wanataka bluu. Leo wamekuja kutoka Kisongo, kijiwe kizima, wakiongozwa na mwenyekiti wao Parsimei, Mwarusha mrefu mwenye koti la mvua la njano. Wanataka springi zao zote zifanane ili wakiwa barabarani watu wajue hawa ni wa Kisongo.

Vidole vyangu vimechanika. Usiku sijui niiweke wapi mikono.

Jumamosi, 22 Machi

Kaka ameleta ndoo ya asidi ya betri. Unazamisha springi yenye kutu, inachemka chemka, unaenda kunywa chai, ukirudi chuma ni cheupe, hata kwenye mikunjo ya ndani ambako brashi haifiki. Unaisuuza, unaipaka. Kazi ya siku nzima imeisha kabla ya saa sita.

Nimecheza. Kweli nimecheza, pale pale kibandani, na glavu mikononi. Kaka akacheka akasema, "Ona sasa, kumbe una meno." Tangu mkewe Ndeshi aende kujifungulia kwa mama yake huko Ngongongare, njia ya kwenda Momela, kaka alikuwa amenuna kama mbuzi wa kununuliwa. Leo tumecheka wote wawili.

Jumatano, 26 Machi

Bluu, bluu, bluu. Nimeota bluu. Hata Hans amerudisha springi zake, mvua imezitia kutu, nazo nimezizamisha kwenye ndoo na kuzipaka upya.

Jumatatu, 31 Machi

Kaka ametia springi za bluu kwenye pikipiki yake mwenyewe. Anasema siku akienda kumchukua Ndeshi na mtoto anataka wakwe zake waone kwamba mkwe wao si mtu wa hivi hivi. Mtoto ni wa kike. Mimi shangazi yake sijamwona hata usoni, nimeona picha tu kwenye simu, amekunja ngumi.

"Amekufuata wewe," kaka akaniambia. "Hajajua kuongea na tayari anagombana."

Jumanne, 8 Aprili

Hans ameanguka.

Alikuwa anatoka mjini, hana abiria, Mungu ni mwema. Amepanda tuta la barabarani, springi ya kushoto ikakatika, pikipiki ikakaa upande na tairi likasaga kwenye madgadi. Amerushwa mtaroni. Mguu umevunjika juu ya kifundo. Mtaa mzima unasema mvua, utelezi, vijana wanaendesha vibaya. Mimi pia nimesema hivyo, mchana.

Jioni Abdiel ameileta pikipiki ya Hans kibandani kwa kuiburuza. Nimechukua ile springi. Imekatika vipande viwili, na mahali ilipokatika hapana kutu hata chembe. Chuma ni kijivu, safi, kimekatika kama biskuti. Rangi yangu iko pale pale, haijatoka hata kidogo. Hilo ndilo limenitia baridi.

"Kaka, springi inakatika hivi?"

"Chuma ni chuma. Kinachoka."

"Hii ilikuwa imechoka?"

Kaka ameingiza vile vipande kwenye mfuko wa simenti.

Jumatano, 9 Aprili

Hospitalini. Hans amelala mguu juu, anatania manesi. Ameniuliza kama rangi imechubuka. Nimetoka nje nikalia kwenye korido.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo tumepeleka isale.

Kaka mwenyewe ndiye aliyesema twende. Usiku alimpigia simu baba mdogo Aminiel huko Machame, akamweleza kwamba springi iliyomwangusha kijana wa watu ilitoka mikononi mwetu. Baba mdogo akapanda basi la alfajiri akiwa na jani amelichuma mwenyewe, amelifunga fundo. Kwetu Wachaga, aliyekukosea akija na jani la isale huna namna: unasamehe. Hata kama amekuulia ng'ombe. Ukilikataa, laana inakugeukia wewe.

Mama Paskalina ni Mkatoliki wa Kilema, Mchaga kama sisi, anasali rozari kila jioni, lakini alipoona lile jani mlangoni alijua hapohapo tumefuata nini. Macho yake yalikuwa yanatoka kwa baba mdogo yanaenda kwa Abdiel, yanarudi. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa. Sijawahi kumwona kaka yangu ameinama mbele ya mtu, na nilimpenda sana dakika ile.

Mama Paskalina akapokea jani kwa mikono miwili. "Nimesamehe," akasema. "Neno limeisha." Akatuletea ndizi na nyama, tukala, baba mdogo akaomba sala ndefu.

Njiani kurudi kaka alikuwa anatembea kwa haraka. Alisema, "Limeisha, Brai. Umesikia mwenyewe." Nikasema nimesikia.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Mitende. Nimelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza wiki hii. Kisha, tukiwa tumejipanga nje ya kanisa na matawi mikononi, ikapita bodaboda imepakia mama na watoto wawili. Springi za bluu.

Nikasahau kuimba.

Jumatatu, 14 Aprili

Siwezi kutembea barabarani tena kama watu. Macho yangu yanaenda nyuma ya kila pikipiki. Nyekundu, sawa. Nyeusi, sawa. Bluu. Halafu nasimama kuiangalia mpaka inavuka tuta, nasikiliza, ikivuka salama napumua. Muuza mchicha ameniuliza kama namdai mtu.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua mchana kutwa. Nimeunguza mtori. Nimeosha kibanda chote, nimepanga makopo kwa rangi, nimeyapanguapangua. Ndoo ya asidi iko kwenye kona, kaka ameifunika gunia. Wateja wakija nawaambia rangi imeisha. Kaka ananiangalia tu.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimefanya jambo bila kumwambia kaka. Kwenye rafu kulikuwa na springi moja ya bluu ambayo mwenyewe hajaja kuichukua, ya wakati wa asidi. Pembeni yake ipo moja nyeusi ya zamani, niliyoisugua kwa mkono mwezi wa pili. Nimezichukua zote mbili, nimezibana kwa bolti ndefu mpaka mikunjo ikakaribiana, kila moja na kibanio chake, nikazifunika kila moja na karai la chuma. Nimefunga mlango. Kesho ni Pasaka.

Jumapili, 20 Aprili

Tumetoka ibadani nikapitia kibandani nikiwa na viatu vya kanisani. Nimefunua karai la kwanza: nyeusi ipo, nzima, imebanwa kama nilivyoiacha. Nimefunua la pili.

Vipande viwili. Kimoja kilikuwa kimetoboa tundu dogo kwenye karai. Hakuna aliyeigusa, hakuna tuta, hakuna abiria, hakuna utelezi. Imekatika yenyewe, gizani, sisi tukiwa tunaimba kwamba Bwana amefufuka.

Ni asidi. Siwezi kueleza asidi inakifanya nini chuma cha springi, lakini inakila moyo na kuuacha uso mzuri, kisha mimi nakuja na bluu yangu naufanya uso uwe mzuri zaidi. Nimekaa chini kwenye sakafu na gauni langu jipya. Nilikuwa naogopa, na zaidi ya kuogopa nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimemwonyesha kaka. Amevishika vile vipande, akavigeuza, akaviweka juu ya meza taratibu sana.

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Tuwaite wote. Kisongo, hapa Sokon, kila mwenye bluu. Wazivue."

"Uwaambie nini? Kwamba Abdiel anauza vifo?"

"Uwaambie ukweli."

"Brightness. Sisi tumepeleka isale. Baba mdogo ametoka Machame na umri wake. Mama wa watu amesema neno limeisha. Ukilifukua leo umewatukana wote, na yule mama kwanza. Unajua isale ni nini wewe?"

"Isale lilikuwa la mguu wa Hans."

"Lilikuwa la neno lote!" Akapiga meza. "Na hizo nyingine hazijakatika. Mwezi mzima zinatembea. Hiyo yako umeibana kuliko mtu yeyote anavyoweza kuikalia."

"Na nyeusi nimeibana vilevile."

Nikamwambia basi aanze na za kwake, avue zile za kwenye pikipiki yake. Akasema, "Za kwangu nimezitia mwenyewe, nitazitoa nikitaka mwenyewe." Akachukua ufunguo, akaondoka. Nilisikia pikipiki inashuka mtaani, nikasikiliza mpaka ikavuka tuta la kona.

Jumanne, 22 Aprili

Hatuongei. Ananipa shokapu bila kunitazama, nami nazipokea bila kusema asante. Nimesugua kwa msasa mpaka glavu imetoboka.

Jumatano, 23 Aprili

Nimeenda Kisongo peke yangu, kwenye mvua, na kibanio ndani ya mfuko.

Kijiwe chao kiko karibu na kibanda cha chai cha Mama Silantoi. Pikipiki zimepangwa mstari mmoja, makalio barabarani, na bluu yangu ikang'aa kwenye tope. Mwezi mmoja uliopita ningeringa.

Parsimei akanipokea vizuri, akaniagizia chai. Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikiwa nimesimama, na nilipomaliza mmoja akacheka.

"Dada umepata rangi mpya," akasema. "Sasa unataka tuvue hizi upake nyingine."

"Nitawapa springi nyingine zilizosuguliwa kwa mkono. Bure. Bila rangi kabisa."

"Bila rangi!" Hapo ndipo walipocheka wote. "Sisi twende mjini na springi za kutu? Wenzetu wa kijiwe cha Sakina watatuonaje?"

Nikamwomba yule aliyecheka kwanza anipe moja ya kwake. Hakutaka. Parsimei ndiye aliyeinama akafungua ya kwake mwenyewe, kimya kimya, akanikabidhi. Nikaibana mbele yao, nikakaza bolti mpaka ikagoma kuzunguka, nikaweka kwenye kona ya kibanda cha chai chini ya karai la Mama Silantoi. Tukakaa tukaisubiri.

Haikukatika. Chai ikapoa. Abiria wakaja, vijana wakaondoka mmoja mmoja, kila anayerudi anauliza, "Bado?" na wenzake wanaitikia, "Bado!" Mvua ikazidi. Mama Silantoi akanipa khanga ya kujifuta, akasema kwa upole, "Nenda nyumbani mwanangu, utaumwa."

Nimeondoka nikiwa nimeloa mpaka mifupani. Parsimei alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimwambia asiliguse lile karai. Akasema, "Kwetu hatuna hilo jani lenu. Kwetu mtu akisema kuna simba kwenye nyasi, hata kama ni mwongo, siku moja hatupeleki ng'ombe pale." Sikujua kama ananitania.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeamka na homa. Saa nne Parsimei amepiga simu.

Alianza na salamu zote: habari za nyumbani, za mvua, za afya. Mimi nimekaa kitandani nimeshikilia simu kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Karai limelia. Mama Silantoi ameangusha sinia la maandazi. Vijana walikuwa wote hapa."

"Halafu?"

"Halafu hakuna aliyecheka. Wanafungua sasa hivi. Spana hazitoshi."

Nimelia, nikafurahi, nikalia tena. Kisha nikakumbuka kwamba kaka yupo chumba cha nje na amesikia kila kitu, maana ukuta wetu ni wa mbao.

Ijumaa, 25 Aprili

Zimekuja kwenye magunia. Vijana wa Sokon nao wamesikia na wanaleta za kwao. Wengine wananitukana, wengine wananishukuru, mmoja amefanya vyote viwili kwa sentensi moja. Nimezunguka kwa wauza vyuma chakavu kutafuta springi za kubadilishia, nazisugua kwa mkono. Naandika majina ukutani kwa chaki, nayafuta mtu akipata ya kwake.

Kaka hajatokea kazini. Pikipiki yake haipo.

Jumanne, 29 Aprili

Kaka bado. Anarudi usiku, analala, anaondoka. Chakula ninachokiacha mezani anakila. Hilo peke yake ndilo linaloniambia kwamba bado ni ndugu yangu.

Ijumaa, 2 Mei

Mama Paskalina amekuja kibandani. Nilipomwona anaruka madimbwi na mwavuli wake nilijua nimekwisha. Nikamwahi: "Shikamoo mama. Najua ulisema neno limeisha. Naomba unisamehe kwa kulifukua."

"Marahaba. Nyamaza kwanza." Akakaa kwenye kopo la rangi lililogeuzwa. Kaka alikuwa ameingia muda si mrefu kuchukua spana zake, akabaki amesimama mlangoni, hajui atoke au akae.

"Watu wananiuliza," mama akasema, "mbona wale umewasamehe na bado wanazunguka kutangaza. Wanadhani nimedharauliwa." Akamtazama Abdiel, wala si mimi. "Nilipokea isale kwa ajili ya mguu wa mwanangu, baba. Huo ni wangu, naweza kuusamehe. Miguu ya watoto wa wenzangu sikuipokea. Ningeipokeaje? Si yangu."

Mama akaomba maji, akanywa, akauliza mtoto wa Ndeshi anaendeleaje, akaondoka. Kaka akachukua spana zake. Mlangoni akasema, bila kugeuka, "Kesho naenda kuwachukua."

"Kwa ile pikipiki?"

"Nitawachukua kwa nini kingine, kwa mbawa?"

Nikamwambia namwomba. Nikamwambia nipo tayari kupiga magoti. Lakini alikuwa ameshawasha.

Jumamosi, 3 Mei

Nilipoamka chumba chake kilikuwa wazi na pikipiki haipo. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika na mlima umetoka wote, bluu, siku ambayo sikutaka kabisa kuiona rangi hiyo. Nikapiga simu yake, haipatikani. Nikampigia Ndeshi, haipatikani. Kwao mtandao unakuja ukitaka. Nikafagia. Nikaacha kufagia. Nikafikiria ule mteremko wa kutoka Ngongongare kuja Usa River, makorongo yaliyochimbwa na masika, na mtoto wa mwezi mmoja katikati ya baba na mama, na kila shimo.

Parsimei alikuja kuchukua springi za mwisho za kijiwe chake. Hakuteremka hata. Nilimwambia, "Nipeleke njia ya Momela," akanitazama usoni, akasema, "Panda."

Sikumbuki barabara ya Moshi. Nakumbuka tu kwamba Usa River tulipokunja kupanda, nilianza kuangalia mitaroni. Kila kona niliangalia mtaroni kwanza, ndipo nikaangalia barabara. Nilikuwa naongea na Mungu kwa sauti, namwahidi mambo ambayo najua siyawezi. Parsimei alikuwa anaendesha polepole kwa sababu ya tope na mimi nilikuwa nampiga mgongoni aongeze mwendo.

Tulipita zahanati, tukapita kanisa. Baada ya kona ya pili nikaona mwavuli mwekundu.

Ndeshi alikuwa anatembea mbele, mtoto mgongoni, viatu mkononi. Nyuma yake, kama hatua ishirini hivi, kaka yangu Abdiel alikuwa anakuja anasukuma pikipiki. Mabegi yote yamefungwa juu ya kiti, na mkungu wa ndizi, na kuku kichwa chini. Mteremko wote ule, njia inayojishukia yenyewe, na yeye ameshika breki, ametapakaa tope mpaka magotini, anaizuia isimkimbie.

Nimeshuka kabla Parsimei hajasimama. Ndeshi alinikumbatia kwa mkono mmoja, na alikuwa amekasirika kweli.

"Wifi, muulize kaka yako ana nini! Kanitembeza kutoka nyumbani mpaka hapa. Pikipiki nzima, inawaka, mafuta tele, mama yangu ameona. Anakataa kunipakia! Nimemwambia basi wewe panda, utangulie na mizigo. Hataki. Nimeolewa na mtu wa namna gani?"

Nikamfunua mtoto. Alikuwa macho, amekunja ngumi zake mbili.

Kaka akafika. Tukatazamana. Springi zilikuwa pale, bluu, nzima.

"Mafuta yameisha," akasema.

"Mafuta gani?" Ndeshi akaanza, lakini nikamshika mkono.

"Pole na safari, kaka," nikasema.

Parsimei, ambaye pikipiki yake ilikuwa na springi za chuma kitupu zilizoanza kushika kutu, akasema kwa heshima zote kwamba angeweza kumpeleka mama na mtoto mpaka barabara kuu, taratibu. Ndeshi akapanda bado akilalamika. Tuliwaangalia mpaka wakapotea kwenye kona, na kaka aliachia pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu kwa wakwe zake.

Nikashika usukani upande wa kushoto, yeye kulia. Tulishuka muda mrefu. Kuku alikuwa analalamika kwa niaba yetu.

"Nilimpakia," akasema ghafla. Sauti yake ilikuwa ndogo, siijui. "Mbele ya baba mkwe, wote wamesimama wanatuaga. Nimemweka mtoto katikati yetu, nimewasha, nimetia gia. Mguu ukakataa kutoka chini, Brai. Nikaulazimisha. Ukakataa."

Nilitaka kumwambia mambo mengi, mengine makali, maana hasira zangu haziishi kwa siku moja. Nikaangalia mkono wake kwenye breki. Bado alikuwa anaizuia ile pikipiki kwa nguvu zote, kana kwamba mtoto yupo juu yake.

"Shika vizuri," nikamwambia. "Hapa mbele kuna shimo."